Barua za mwanahabari husema pale gazeti linaponyamaza

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1930, kijana mmoja kutoka Wales aliwaandikia wazazi wake barua akiwa mjini Berlin, Ujerumani. Alikuwa ametoka tu katika Muungano wa Kisovieti, na alianza kwa kueleza furaha yake ya kurejea Ujerumani. Kisha akawaarifu aliyoyaona: kwamba Urusi ilikuwa katika hali mbaya mno, kwamba chakula hakikuwepo ila mkate, kwamba dhuluma ilikuwa imezidi na wafanyakazi walinung'unika, na kwamba majira ya baridi yaliyokuwa yakikaribia yangeleta mateso makubwa. Katika mji ambao mamake aliwahi kuishi kabla ya kuolewa, mji aliokuwa akisimuliwa tangu utotoni, alikaa muda mfupi tu. Alichopata cha kula huko kilikuwa kipande cha mkate.

Barua hiyo haikukusudiwa kuchapishwa. Ilikuwa ya mwana kwa wazazi wake, na lau ingechanwa baada ya kusomwa, hakuna ambaye angelaumiwa. Haikuchanwa. Leo barua, madaftari na shajara za kijana huyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyo juu ya kilima katika mji wa Aberystwyth. Wasomi wa mataifa mbalimbali huzitegemea nyaraka hizo kama ushahidi wa mojawapo ya maafa makubwa zaidi ya karne ya 20.

Kijana huyo aliitwa Gareth Jones. Alikuwa mwanahabari. Kisa chake kinastahili kutafakariwa humu nchini, si kwa sababu tu vita vilivyopamba moto Ukraine mnamo Februari 2022 vilitukumbusha jinsi bei ya unga wa ngano Nairobi inavyofungamana na mashamba ya huko, bali kwa sababu kinazua swali ambalo vyombo vyetu vya habari vimelikwepa kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: Mwanahabari anapostaafu au kufariki, yale aliyoyaandika bila kuyachapisha huenda wapi?

Jones alizaliwa Agosti 13, 1905 katika mji wa Barry, kusini mwa Wales. Babake alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Mamake, kati ya 1889 na 1892, alikuwa mwalimu wa nyumbani wa wajukuu wa John Hughes, mzawa wa Wales aliyeanzisha kiwanda cha chuma katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mji uliochipuka kando ya kiwanda hicho uliitwa Yuzovka kutokana na jina lake. Ndio mji wa Donetsk, ambao jina lake limesikika mara nyingi katika taarifa za vita tangu 2014.

Masimulizi ya mama yalimtia mwanawe hamu ya kujifunza Kirusi. Alisoma lugha katika chuo kikuu cha Aberystwyth na baadaye katika Chuo cha Trinity, Cambridge, ambako alihitimu mwaka wa 1929. Mwaka uliofuata aliajiriwa na David Lloyd George, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, awe mshauri wake wa masuala ya kigeni. Ni katika mwaka huo alipozuru Muungano wa Kisovieti kwa mara ya kwanza na kuandika barua tuliyoanza nayo. Alirudi tena mwaka wa 1931, na kwa mara ya tatu na ya mwisho Machi 1933.

Wakati huo utawala wa Josef Stalin ulikuwa umewanyang'anya wakulima mashamba na mifugo yao, ukawaingiza kwa nguvu katika mashamba ya pamoja, na ukawa unatwaa nafaka yao ili iuzwe nje na kulisha miji ya viwanda. Vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiwango cha nafaka kilichowekwa viliadhibiwa. Huko Ukraine, adhabu hiyo ilifikia hatua ya kupokonywa hata akiba ya nyumbani, na wanavijiji wakazuiwa kuhamia kwingine kutafuta chakula. Watafiti wengi wanakadiria kwamba kati ya watu milioni 3.5 na milioni 5 waliangamia Ukraine pekee katika baa hilo la 1932 na 1933, ambalo Waukraine huliita Holodomor.

Wanahabari wa kigeni walikuwa Moscow, lakini kila taarifa waliyotuma ilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali. Safari za vijijini zilikuwa zimepigwa marufuku. Jones alikata tikiti ya gari la moshi la kwenda Kharkiv, kisha akateremka katika kituo kidogo kabla ya kufika mjini na kushika njia kwa miguu, akifuata reli. Alipita kijiji baada ya kijiji, akalala katika nyumba za wakulima, akala nao kidogo kilichokuwepo, na kuandika katika madaftari yake madogo maneno aliyoambiwa. Karibu kila mahali maneno yalikuwa yale yale: hakuna mkate, farasi na ng'ombe wamekufa, watu wamevimba miili kwa njaa, na wengine wanangoja zamu yao ya kufa.

Machi 27, 1933, akiwa amefika salama Berlin, alimwandikia Lloyd George barua ya kumweleza kwamba mpango wa miaka mitano wa Stalin ulikuwa umewaangamiza wakulima na kuleta njaa katika kila sehemu ya nchi. Siku mbili baadaye, Machi 29, aliwaita wanahabari na kuwatangazia hayo hayo. Magazeti ya Marekani na Uingereza yaliichapisha habari hiyo yakimtaja kwa jina. Mwanahabari Mwingereza Malcolm Muggeridge alikuwa ametangulia siku chache katika Manchester Guardian kwa makala yaliyotolewa Moscow kisirisiri kupitia mfuko wa barua za ubalozi. Makala hayo, hata hivyo, hayakutiwa jina la mwandishi. Jones ndiye aliyesimama mbele ya umma kwa jina lake.

Jibu halikukawia. Machi 31, gazeti la New York Times lilichapisha taarifa ya mwakilishi wake mjini Moscow, Walter Duranty, aliyekuwa ametuzwa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia. Duranty aliwaeleza wasomaji kwamba habari ya Jones ilikuwa imetiwa chumvi. Alikubali kwamba chakula kilikuwa haba, na kwamba watu wengi walikuwa wakifa kutokana na magonjwa yanayoletwa na lishe duni, lakini akasisitiza kwamba njaa ya kuua haikuwepo. Wanahabari wengine wa Moscow walimuunga mkono au wakanyamaza. Wakati huo serikali ya Stalin ilikuwa imewakamata wahandisi Waingereza na ilikuwa ikijiandaa kuwashtaki. Kila mwanahabari alitaka ruhusa ya kuhudhuria kesi hiyo, na ruhusa ilikuwa mikononi mwa wakaguzi wale wale. Mmoja wao, Eugene Lyons, aliandika katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1937 kwamba kumtupa Jones lilikuwa mojawapo ya mambo machungu zaidi waliyoyafanya.

Jones alijibu kwa barua iliyochapishwa katika New York Times Mei 13, 1933. Hakutoa matusi. Alitaja ushahidi wake kipengele kwa kipengele: mazungumzo yake na mabalozi na maafisa wa nchi nyingi, mazungumzo yake na wakulima wenyewe, na barua ambazo walowezi wa Kijerumani waishio Urusi walikuwa wakiwaandikia jamaa zao Ujerumani wakiomba msaada. Kisha akaeleza jinsi udhibiti wa habari ulivyowageuza wenzake wa Moscow kuwa mafundi wa kupunguza makali ya maneno. Njaa waliipa jina la heshima la uhaba wa chakula, na kufa kwa njaa wakakuita vifo vitokanavyo na lishe duni.

Kwa yeyote aliyewahi kuketi kwenye meza ya uhariri, maelezo hayo yanauma. Kazi ya mhariri ni kuchagua maneno, na mara nyingi neno laini huchaguliwa bila nia mbaya: kwa kuogopa kushtakiwa, kwa kutaka kuwa na uhakika, au kwa sababu afisa aliyepigiwa simu alikanusha na kanuni zinatutaka tumpe nafasi yake. Hivyo gazeti la kesho hutoka likiwa na neno laini. Lile neno kali ambalo ripota alilisikia kwa masikio yake hubaki katika daftari, au katika barua aliyomwandikia rafiki.

Wakati huo huo, Duranty mwenyewe alikuwa na maneno ya aina mbili. Septemba 1933, baada ya kuruhusiwa kuzuru Ukraine, alipitia katika ubalozi wa Uingereza mjini Moscow. Katika ripoti ambayo ubalozi huo uliipeleka London, iliandikwa kwamba Duranty alidhani huenda watu wapatao milioni 10 walikuwa wamekufa moja kwa moja au kwa njia nyingine kutokana na ukosefu wa chakula. Hakuwaambia hivyo wasomaji wa gazeti lake. Ripoti hiyo ilifungiwa katika faili za serikali ya Uingereza, ambayo nayo ilijua mengi na ikachagua kunyamaza. Ilipofunguliwa miongo kadhaa baadaye, ilimuumbua.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kisa hiki. Kama tungekuwa na magazeti ya 1933 peke yake, tungekuwa na mwanahabari mashuhuri aliyetuzwa, anayekana, na kijana wa umri wa miaka 27 anayedai. Msomaji wa kawaida angemwamini nani? Ni maandishi ya faragha yaliyotoa hukumu. Barua za Jones kwa wazazi wake na kwa mwajiri wake zinasema jambo lile lile alilolichapisha, na barua ya 1930 inaonyesha kwamba alianza kuiona hatari hiyo miaka mitatu kabla. Maneno ya Duranty ya faragha, kwa upande wake, yanapingana na yale aliyoyachapisha. Mmoja alikuwa na ndimi mbili, mwingine alikuwa na ulimi mmoja, na tofauti hiyo isingejulikana bila karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya umma.

Jones hakuishi kuona akitetewa. Wakuu wa Kisovieti walimpiga marufuku kukanyaga tena nchini mwao. Alifanya kazi kwa muda katika gazeti la Western Mail la Cardiff, kisha mwaka wa 1934 akaanza safari ya kuizunguka dunia. Julai 1935, karibu na mpaka wa eneo la Manchukuo lililokuwa chini ya Japani, alitekwa nyara na majambazi pamoja na mwanahabari Mjerumani. Mjerumani huyo aliachiliwa siku chache baadaye. Jones aliuawa kwa kupigwa risasi Agosti 12, 1935, ikiwa imesalia siku moja tu atimize umri wa miaka 30. Wapo wanaoshuku kwamba majasusi wa Stalin walikuwa na mkono katika mauaji hayo, ingawa hilo halijathibitishwa.

Kwa zaidi ya miaka 50 jina lake lilisahaulika. Kilichomrejesha si gazeti lolote alilolifanyia kazi. Ni familia yake. Wazazi na dada zake walizihifadhi barua na madaftari yake nyumbani mjini Barry, na kuanzia miaka ya 1990 mpwa wake, Margaret Siriol Colley, ambaye alikuwa daktari, alijitolea kuyapanga, kuyasoma na kuyaandikia vitabu. Mwaka wa 2008 Ukraine ilimtunukia Jones nishani baada ya kifo chake. Novemba 2009 madaftari yake yalionyeshwa hadharani katika maktaba ya Chuo cha Trinity alikosomea, na mwaka wa 2019 kisa chake kikatengenezewa filamu. Ulipofika Desemba 2022, wakati Bunge la Ulaya lilipotangaza kwamba Holodomor yalikuwa mauaji ya halaiki, maandishi yaliyokuwa yamekaa gizani kwa miongo yalikuwa tayari mikononi mwa wanahistoria.

Msomaji anaweza kuuliza, haya ya Wales na Ukraine yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mnamo Machi 2019, vyombo vya habari vya humu nchini vilitangaza kwamba watu walikuwa wakifa njaa katika kaunti za Turkana na Baringo. Wakuu wa serikali walikanusha, wakasema hakuna Mkenya aliyefariki kwa njaa, na kwamba vifo vilivyotajwa vilitokana na maradhi na uzee. Sina nia ya kulinganisha ukame wa Turkana na ukatili wa Stalin, kwani hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ninacholinganisha ni mabishano yenyewe: ripota aliyefika kijijini akiandika njaa, na afisa aliye mjini akiita maradhi. Miaka 80 ijayo, mwanahistoria atakayetaka kujua nani alisema kweli atasoma nini? Atapata gazeti lenye kauli za pande mbili. Je, atapata daftari la ripota? Atazipata arafa alizomtumia mhariri wake usiku ule?

Si kwamba hatujawahi kuonja faida ya maandishi yaliyonusurika, wala hasara ya yale yaliyoteketezwa. Henry Muoria, mhariri wa gazeti la Kikuyu la Mumenyereri, alikuwa London hali ya hatari ilipotangazwa nchini Oktoba 1952 na gazeti lake kupigwa marufuku. Aliishi huko hadi alipofariki mwaka wa 1997. Mwaka wa 2009, vijitabu vyake vya kisiasa vya miaka ya 1940 vilichapishwa upya pamoja na maelezo ya wanahistoria. Kupitia kwake tunasikia jinsi Mwafrika mwenye kalamu alivyoitazama Kenya ya wakati huo, badala ya kutegemea tu yale ambayo maafisa wa Mwingereza waliandika kumhusu.

Maafisa hao nao walijua thamani ya karatasi. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka, waliteketeza nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha kwao. Mwaka wa 2011, wazee waliokuwa wapiganaji wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani katika eneo la Hanslope Park, zikiwemo takriban 1,500 za Kenya. Mwaka wa 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Wazee hao walikuwa wamesimulia mateso yao kwa nusu karne bila kusikizwa. Karatasi zilipojitokeza, masimulizi yao yalipata nguvu ambayo hayakuwa nayo awali.

Baada ya funzo kama hilo, ungetarajia kwamba vyumba vya habari vya Kenya vingekuwa vikilinda karatasi zao kama mboni ya jicho. La hasha. Katika chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi miaka ya 1990, waandishi wa mashinani walileta taarifa zao kwa barua zilizotumwa kwa basi na baadaye kwa faksi. Pamoja na taarifa, wengi waliambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo kwa mhariri: chifu fulani amenitisha, jina la huyu usilitaje, idadi ya waliokufa ni kubwa kuliko ninavyoweza kuthibitisha. Kurasa hizo ndizo zilizokuwa na uhai. Ofisi ilipohamishwa, makabati yalifunguliwa na karatasi zikatiwa katika magunia na kuuziwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Sishangai kama baadhi ya siri za nchi hii ziliishia kufungia njugu. Zile za faksi zilizosalia hazikufaa kitu, kwani karatasi zake zilikuwa zimefifia hadi zikabaki tupu. Nami nilikuwepo, na sikusema neno.

Hali ya leo ni mbaya zaidi, ingawa haionekani kwa macho. Barua imekufa. Mwanahabari huwasiliana na mhariri wake, na watoa habari na na wenzake kwa simu ya mkononi. Simu ikiibwa au ikiharibika, mawasiliano ya miaka huenda nayo. Barua pepe za kazini ni mali ya mwajiri, na anwani hufungwa pindi mfanyakazi anapoachishwa kazi, jambo ambalo limekuwa la kawaida katika sekta hii iliyokumbwa na ukata. WhatsApp yenyewe humwezesha mtumiaji kuamuru ujumbe ufutike baada ya saa 24, siku saba au siku 90. Simu tulizozitumia wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziko wapi? Arafa zilizotumwa kutoka Eldoret, Naivasha na Kisumu, zikieleza yale ambayo hatukuweza kuyachapisha siku ile, nani anazo? Na zile za Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia katika majengo ya Bunge, zitadumu hadi lini?

Kuna wanaoshikilia kwamba ni heri zipotee. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mawasiliano ya mwanahabari yana majina ya watu waliomwamini. Mtumishi wa umma aliyetoboa siri ya ufisadi, mama aliyeshuhudia mauaji, askari aliyechoshwa na amri haramu: hao wote wanaweza kuangamizwa na ukurasa mmoja ukiangukia mikono isiyofaa. Kanuni za maadili ya wanahabari zinatutaka tuwalinde watoa habari, na wajibu huo haumaliziki mwanahabari anapokufa. Aidha, ripota anayejua kwamba simu yake inaweza kutwaliwa na polisi ana kila sababu ya kufuta ujumbe.

Hata hivyo, kulinda si sawa na kuteketeza. Nyaraka zinaweza kufungwa kwa muda unaotosha hatari kupita. Sheria yetu ya nyaraka za umma, iliyopitishwa mwaka wa 1965, inatambua kipindi cha miaka 30 kabla ya faili za serikali kufunguliwa kwa umma. Hakuna kinachomzuia mwanahabari kuweka sharti kama hilo, au refu zaidi, kwa maandishi yake mwenyewe, na kuyafunika majina ambayo hayafai kuonekana kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo imeacha nafasi maalumu kwa kazi ya uanahabari na kwa utafiti wa kihistoria. Mlango upo, ila hatujaubisha.

Ni kweli pia kwamba barua si msahafu. Mtu anaweza kumdanganya mamake sawa na anavyomdanganya msomaji. Jones mwenyewe alikuwa kijana aliyependa kukaa karibu na wakubwa, na Februari 1933, wiki chache kabla ya safari yake ya Ukraine, alisafiri katika ndege moja na Adolf Hitler. Maandishi yake yanapaswa kuhojiwa kama ya mwingine yeyote. Lakini ili yahojiwe ni sharti yawepo.

Kipi basi kifanywe? Kwanza, wamiliki wa magazeti waache kuyaona makabati ya zamani kama takataka. Barua za C.P. Scott, aliyekuwa mhariri wa Manchester Guardian kuanzia 1872 hadi 1929, zimehifadhiwa katika Maktaba ya John Rylands mjini Manchester kwa sababu gazeti na chuo kikuu vilishirikiana. Vyuo vikuu vyetu vinavyofunza uanahabari vinaweza kuingia katika makubaliano ya namna hiyo na magazeti ya humu nchini, na wanafunzi wao wakapata mahali pa kujifunzia.

Pili, Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka iliyo katika barabara ya Moi Avenue, Nairobi, iwaalike waziwazi wanahabari waliostaafu. Taasisi hiyo inajua kupokea mali ya mtu binafsi. Mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, ni mojawapo ya fahari zake. Maelfu ya watu hupita mlangoni pake kila siku wakielekea kwenye vituo vya matatu bila kuwazia kwamba karatasi zilizo chini ya vitanda vyao zinaweza kuwa na nafasi ndani.

Tatu, na hili halihitaji bajeti wala bunge, kila mwanahabari aliye kazini leo ajiwekee desturi ndogo. Daftari lako litie tarehe na mahali. Mawasiliano muhimu yatoe katika simu na kuyahifadhi pahali pawili salama. Usiku wa siku kubwa, kabla ya kulala, andika ukurasa mmoja wa yale uliyoyaona na ambayo gazeti halikuweza kuyabeba. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini karatasi zilipo na nywila zilipo, na umweleze zifungwe hadi lini.

Nasema mtu wa nyumbani kwa makusudi. Magazeti hufungwa, hununuliwa na kubadilishwa majina. Ofisi huhama. Wahariri, kama nilivyokiri, hutazama magunia yakibebwa na kunyamaza. Mjini Barry, karatasi za mwana aliyeuawa ugenini zilikaa nyumbani miaka zaidi ya 50, bila yeyote kujua kama kuna atakayekuja kuziuliza. Walioziweka walikuwa wazazi na dada waliompenda mwandishi wake. Hata kama hakuna taasisi iliyo tayari kwa sasa, kila boma lina sanduku. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, na taifa nalo ni vivyo hivyo.